Mama Mkwe wa Ghorofa ya Chini

Kama gazeti la wiki jana lilishafungia nyama huko buchani kwenu, usijali, nitakurudisha kwa ufupi. Mimi ni Simiyu, fundi wa simu, ghorofa ya juu, Tausi Mall, upande wa Migosi hapa Kisumu. Nilikuwa nimefika pale niliposema kwamba siku niliyomwoa Metrine nilipata mke na nikapoteza rafiki. Rafiki huyo alikuwa mama yake.

Wengi mmeniandikia. Mama mmoja wa Seme ameniuliza mbona mwanamume mzima analia gazetini kila Jumamosi. Mama, nisamehe. Leo nitalia zaidi, kwa sababu leo nasimulia siku ambayo Metrine aliniita akiwa na mtoto wetu tumboni, na mimi sikwenda.

Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilishapita pale nyingine zilipokomea. Tulikuwa tunaibeba sote wawili, yeye kwa tumbo na mimi kwa roho.

Sasa sikiliza vizuri, maana huwezi kuuelewa msiba wangu kama hulielewi jumba lile.

Tausi Mall lina mlango mmoja wa mbele na ngazi moja ya kupandia juu. Ngazi hiyo ni ile ya umeme, na inapita usoni kabisa mwa duka la Mama Nabututu, fundi wa sare za shule. Huyo ndiye mama mkwe wangu. Kabla sijaoa nilikuwa nashinda kwake. Nilikunywa uji wake, nikamtengenezea simu yake bure, akanitukana kwa upendo nilipochelewa kufungua. Hata Metrine nilimwona mara ya kwanza pale pale, amekuja kumletea mamake chakula.

Kisha nikaoa, na mdomo ukafungwa.

Sisi Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono. Hawatazamani usoni wala hawasemezani, hata kwa simu. Hawaketi chumba kimoja wala hawatajani majina. Na mama mkwe hakanyagi nyumba ambayo mkwewe analala. Ni heshima, na niliipenda. Ukionekana unapiga gumzo na mama mkwe hivi hivi, habari itafika Bungoma kabla ya jioni kwamba mtoto wa fulani amerukwa na akili huko Kisumu.

Basi kila asubuhi nilisimama nje ya jumba nikakohoa. Mama akisikia, anageuza uso ukutani. Mimi napita mbio kama mwizi wa kuku, napanda juu, na siku inaanza.

Mzee Oketch aliyelijenga jumba lile hakuwafikiria Wabukusu hata kidogo.

Lakini mnauliza, je, mkiwa na jambo la kuambiana? Tulikuwa na mtu wa katikati. Na hapo ndipo shida yangu na wapangaji wa Tausi Mall inapoanzia.

Wa kwanza alikuwa Terry, keshia wa supamaketi. Siku hizo jumba lilikuwa bado changa, na watu walikuja kutoka mbali kama Asembo Bay wamevaa nguo za kanisani, waje tu kupanda ngazi za umeme na kushuka. Mama akiwa na neno, alimwambia Terry, na Terry akipanda kununua vocha kwangu analileta. Hakuna siku aliyokosea.

Supamaketi ilianza kufa polepole. Kwanza sukari ikakosekana. Kisha wakavuta vitu vyote mbele ya rafu ili paonekane pamejaa. Ukitoa pakiti moja ya chumvi, nyuma yake unaona ukuta. Asubuhi moja tukawakuta wafanyakazi wameketi nje na sare zao, mlango umefungwa kwa mnyororo. Terry alirudi kwao Asembo kuuza samaki. Alinikumbatia akilia.

Ukumbi ule ukachukuliwa na kanisa. Mimbari iliwekwa pale palipokuwa na bucha ya supamaketi, na zile kulabu za kutundikia nyama zikabaki zinaning'inia juu ya kichwa cha Pasta Wabwire. Yeye ndiye aliyerithi kazi ya Terry. Lakini pasta hakuweza kuleta ujumbe kama binadamu wa kawaida.

Siku moja alipanda kwangu, akafumba macho, akanyoosha mkono.

"Ndugu Simiyu, ninaona mwanamke. Ninaona homa."

"Homa gani, Pasta?"

"Ninaona uji. Sio ugali. Uji!"

Nilifunga duka nikakimbia nyumbani. Kumbe Mama alikuwa amemwambia tu kwamba Metrine amempigia simu, ana malaria, na mtu asimlazimishe kula ugali.

Kanisa likapata kiwanja chake, likahamia huko kwenye hema. Wakaja vijana wa kunyanyua vyuma, wakaondoka. Akaja mwenye makochi, akaondoka na makochi yake usiku bila kuaga. Benki ikang'oa mashine yake na kuacha tundu ukutani ambalo njiwa waliingilia. Ngazi za umeme zikasimama siku moja, na hakuna aliyekuja kuziamsha. Tukawa tunazipanda kwa miguu.

Nilicheka wakati huo. Nilidhani wanaopoteza ni Mzee Oketch na biashara zake. Sikujua kila aliyefungasha virago alikuwa anaondoka na mdomo wangu.

Akabaki Lornah wa duka la dawa, aliyekuwa mkabala na Mama pale chini. Lornah ni Mjaluo wa Kombewa, mcheshi, na sauti yake inafika ng'ambo ya ziwa. Kwa mikono yake mambo yalienda vizuri kuliko wakati wowote. Mimi nilisimama kwenye ngazi nimetazama juu, Mama ametazama cherehani yake, na Lornah katikati.

"Lornah, mwambie mwenye simu kwamba msichana asibebe maji."

"Simi, umesikia?"

"Mwambie nimesikia. Mwambie maji nabeba mwenyewe."

"Mama, anasema anabeba mwenyewe."

"Mwambie na omena amkaangie kavu, asiweke mafuta mengi, anatapika."

"Woi! Nyinyi watu mtaniua na kicheko. Si mmesikiana?"

"Tumesikiana," nikasema nikitazama juu.

"Mwambie tumesikiana," akasema Mama.

Nilikuwa na furaha siku hizo, wasomaji. Mama alishona vinguo vidogo kutoka kwa mabaki ya vitambaa vya sare, kimoja kijani cha shule hii, kimoja samawati cha shule ile. Lornah alinipandishia kimoja kimoja na kunionyesha mlangoni. Metrine alivipanga kitandani akavihesabu kama shanga, akasema mtoto wetu atavaa shule zote za Kisumu.

Halafu Lornah naye akaja kuniaga.

"Simi, omera, ndugu yangu, mimi naenda. Nafungua Kombewa karibu na hospitali. Huku nauzia nani Panadol, kuta?"

"Lornah, usinifanyie hivyo."

"Na nyinyi mtaongea na nani sasa?"

Niliinamia simu iliyokuwa mezani.

"Simi, hata sisi Wajaluo tunaheshimu wakwe. Lakini hii yenu imezidi chumvi. Mjaribu tu kusema. Mungu hatawaua."

Alishuka. Nilimsikia akimwambia Mama maneno yale yale kule chini. Nilisikia cherehani tu ikienda.

Jumba lote la Tausi, ghorofa zote, likabaki na wapangaji wawili. Mmoja chini, mmoja juu, na wote hawaruhusiwi kusemezana. Hata nikicheka sasa, machozi yanakuja.

Alikuwepo bado Oluoch, mlinzi wa getini. Tulijaribu kumtumia. Lakini Oluoch alikuwa mvivu wa maneno. Mama akimpa ujumbe mrefu wa kunde na dawa na kliniki, yeye anafika nusu ya ngazi na kupiga kelele, "Fundi! Mama anasema mambo ni sawa!" Mimi nikijibu, anarudi anasema, "Mama! Fundi anasema pia yeye ni sawa!" Basi kila kitu kikawa sawa.

Kisha stima ikakatwa jumba zima. Mama alikuwa na cherehani ya miguu, hakujali. Mimi fundi wa simu nikawa nafanya kazi kwa mwanga wa dirisha, na simu yangu mwenyewe napeleka kuchajiwa kwa kibanda cha Wandera ng'ambo ya barabara. Ndiyo, fundi wa simu mwenye simu iliyozima. Wandera alinitania hadi akachoka.

Na wiki hiyo hiyo Oluoch akaomba ruhusa kwenda kwao Asembo kumzika baba yake mdogo. Nani angemkataza?

Sasa nimefika. Nilikuwa nazunguka zunguka kwa sababu sitaki kufika.

Ilikuwa mchana, baada ya saa ya chakula. Nilikuwa nimeinama juu ya simu ya mwalimu mmoja, nachomelea waya. Nikasikia viatu kwenye ngazi. Jumba likiwa tupu, kiatu kimoja kinasikika kila mahali. Nilivitambua mara moja, zile ndala za Mama zinazoburuta.

Tangu niolewe na binti yake, samahani, tangu nimwoe binti yake, Mama Nabututu hakuwahi kupanda ghorofa ya juu. Hata mara moja.

Nilichungulia. Alikuwa anapanda ameshika kando ya ngazi, kitambaa cha kichwa kimetoka, kichwa wazi. Mwanamke wa heshima zake, kichwa wazi! Anatweta. Akili yangu ilifanya kazi haraka na ikafanya vibaya. Nilijiambia, Mama hajui kwamba niko. Amefikiri nimetoka, anapanda kutafuta upepo au kumtafuta paka. Akifika hapa juu atanikuta uso kwa uso, kichwa chake kiko wazi, na hakuna duka lingine lililo wazi la kuingia wala mtu wa kusimama kati yetu. Atapata aibu ambayo hataisahau.

Nikavuta mlango wangu wa chuma chini, polepole, usipige kelele. Nikaketi gizani nyuma ya meza.

Alifika. Alisimama. Akakohoa.

Nilibana pumzi.

Akakohoa tena, kwa nguvu. Kisha akapiga mlango kwa kiganja.

"Hodi."

Nikafunika mdomo kwa mkono.

"Hodi wenye duka! Hodi jamani!"

Sauti yake ilikuwa imepasuka. Niliisikia, sitadanganya. Nilijiambia amechoka na ngazi. Alisimama pale kitambo akipumua, nami ndani nikipumua kidogo kidogo, na kati yetu bati tu. Kisha viatu vikaanza kushuka, mbio, mbio, hadi nikaogopa ataanguka.

Na mimi, wasomaji, nilijisifu. Nasema ukweli. Nilikaa pale gizani nikajiambia, Simiyu, wewe ni mkwe wa kweli, umemwokoa mama wa watu na aibu. Nikangoja mpaka nikawa na hakika ameshatulia dukani kwake, nikafungua, nikamaliza simu ya mwalimu.

Nilishuka baadaye nikiwa nimekohoa juu ya ngazi kama kawaida. Duka la Mama lilikuwa wazi. Sare nusu iko kwenye cherehani, sindano imo ndani ya kitambaa. Yeye hayupo.

Nilivuka barabara kwa Wandera. Akanipa simu, nikaiwasha. Haikumaliza kuwaka ikalia. Alikuwa Milka, jirani yetu wa ploti, pale tulipopanga chumba Migosi.

"Simiyu! Uko wapi wewe mwanaume?"

"Niko kazini. Kuna nini?"

"Kazini gani? Mama yake alikuja huko kukuita! Tuko hospitali. Njoo. Njoo tu."

"Milka, niambie. Metrine yuko?"

"Metrine yuko."

Hakusema juu ya mtoto. Nikajua.

Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka muuguzi akiniuliza, "Wewe ndiye baba?" na mimi sikujua kama bado naitwa hivyo. Aliniketisha. Alikuwa mpole, na upole wake uliniumiza. Aliniambia damu ilikuwa imetoka kwa muda mrefu kabla hajaletwa. Aliniambia angekuja mapema kidogo wangejaribu.

Mtoto alikuwa msichana. Nilikuwa nimemwekea jina la marehemu mama yangu, Nanyama. Walinipa nimshike akiwa amefungwa kitambaa. Alikuwa mwepesi kuliko vinguo vyake. Nilimwambia baba yako alikuwa karibu, mwanangu, alikuwa karibu sana. Nililia mpaka mwanamume mmoja nisiyemjua akaja akanishika mabega.

Asubuhi nilirudi wodini. Metrine alikuwa amelala kitanda cha karibu na dirisha, na upande wa pili, kwenye kiti, alikuwa ameketi mama yake. Chumba kimoja. Mama aliponiona tu akavuta kanga usoni na kuinuka kuondoka.

"Mama, keti," akasema Metrine.

Mama akabaki amesimama, ametazama dirishani. Mimi nikatazama sakafu.

"Simi."

"Nipo, mke wangu."

"Nilikupigia mpaka mkono ukachoka. Hukushika. Nikampigia Mama, nikamwambia panda juu umwite Simi, damu inatoka. Nikalala hapo nikihesabu. Nikasema sasa amefika kwa ngazi, sasa anamwambia, sasa Simi ameshachukua boda, sasa yuko pale kwa kona ya kanisa." Alinigeukia. "Ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nataka kusema.

"Hakuwepo, mwanangu," akasema Mama, uso dirishani. "Nilipanda mpaka juu. Duka lilikuwa limefungwa."

Metrine hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Ulikuwa wapi, Simi?"

Uongo ulikuwa umeletwa mbele yangu kwenye sahani, tayari umekatwakatwa. Nikaula.

"Nilikuwa nimeenda kuchukua simu kwa Wandera."

Akafumba macho. Chozi moja likashuka hadi sikioni, akaliacha. "Basi si kosa lako," akasema, na neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitemea mate.

Nilitoka nje, kwenye baraza. Nilikuwa nataka ukuta wa kuegemea. Nikasikia zile ndala zikinifuata. Nikageuza uso ukutani, kama inavyotakiwa.

"Simiyu."

Wasomaji, nilidhani nimeota. Tangu arusi yangu jina hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwake.

"Simiyu, geuka uniangalie."

Nikageuka. Niliuona uso wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka hiyo yote. Alikuwa amezeeka. Rafiki yangu alikuwa amezeeka huko chini na mimi niko juu yake tu, na sikuona.

"Kufuli haikuwa nje," akasema. "Mlango umefungwa na kufuli haiko nje. Nani hufunga duka hivyo akienda? Nilijua uko ndani."

Niliegemea ukuta ule ule.

"Mama, nilidhani... kichwa chako kilikuwa wazi. Nilitaka kukuondolea aibu."

"Aibu!" Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mchanga. "Msichana wangu anakufa, wewe unanifichia aibu."

Na mimi hasira ikanipanda. Hasira ya mtu mwenye kosa, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

"Kama ulijua niko, mbona hukuniita? Ulisema hodi wenye duka! Ungesema tu, Simiyu, Metrine anatoka damu. Maneno manne, mama! Ningeung'oa ule mlango!"

Hakukasirika. Nilitamani angekasirika.

"Jina lako lilikuwa hapa," akasema akishika koo. "Lilikataa kutoka. Nikasema, amejifungia, hataki nimwone, na mimi nitapiga kelele jina la mkwe wangu mbele ya nani? Nikasimama. Halafu nikakimbia."

"Ukaenda Migosi."

"Nikaenda Migosi. Na huko..." Alikaa chini pale pale sakafuni, mtu mzima yule. "Huko nikasimama mlangoni kwako. Ni chumba kimoja, Simiyu. Ukifungua mlango, ni kitanda chako. Sijawahi kukanyaga pale. Ananiita, Mama ingia, Mama ingia, na mimi nasimama nje namwambia jikaze, mwanangu, nyanyuka uje mlangoni. Nikaenda ploti nzima nikitafuta mwanamke wa kuingia badala yangu. Wote wako sokoni. Milka nilimpata kule kwa maji, mbali."

"Mama, basi."

"Sijamaliza. Nilipofika na Milka, hakuwa ananiita tena. Hapo ndipo nilipoingia. Nilivunja mila yote, nikapanda mpaka kitandani kwako, nikambeba. Lakini nilianza kwa kusimama mlangoni."

Niliketi kando yake. Mkwe na mama mkwe, sakafu moja, bega kwa bega, watu wanaturuka kwa miguu. Nilimshika mkono. Mkono ule ulikuwa umenipa uji mara nyingi nikiwa kijana sina mbele wala nyuma. Tulilia pamoja, na nilijua ninalia na mtu wa pekee duniani anayejua kosa langu, kwa sababu kosa lake lilikuwa pacha wa langu.

"Umemwambia hukuniona," nikasema.

"Nimemwambia. Amepoteza mtoto. Asipoteze na nyumba yake, na mama yake. Wewe nyamaza, na mimi nitanyamaza. Hilo tunalijua, si ndiyo? Kunyamaza."

"Sitaweza, Mama."

"Utaweza."

"Nitamwambia leo."

"Simiyu, nakuomba. Mimi mamako nakuomba."

Nilisikia pumzi juu yetu.

Metrine alikuwa amesimama kwenye mlango wa wodi, mkono mmoja umeshika ukuta, kanga ya hospitali imeteleza begani. Miguu yake ilikuwa mitupu. Sijui alisimama pale tangu lini. Uso wake ulinieleza kwamba alisimama vya kutosha.

"Metrine, rudi ulale," nikasema nikiinuka. "Daktari hajakuruhusu."

Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe ufunguo wa nyumba."

"Unaenda wapi? Huwezi hata kutembea."

"Sikukuomba ruhusa. Nguo za mtoto wangu ziko kule kitandani, nataka kuzichukua. Nipe ufunguo, kisha usinifuate. Asinifuate mtu."

Niliingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwepo. Mama Nabututu akashika mguu wangu wa suruali kutoka pale chini sakafuni.

"Simiyu, usimpe! Akitoka hapa hatarudi kwako wala kwangu!"

Metrine akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akarudi kwa mama yake. Hakulia. Alicheka kidogo tu, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Leo ndiyo mmejua kuongea," akasema, na mkono wake ukabaki umenyooka mbele yangu.